Nyayo Juu ya Maji

Nimezaliwa Kigoma, na serikali ikaona vema kunipeleka Tarime, nchi ya ng'ombe, niwe afisa uvuvi. Kazi yangu kubwa ilikuwa kukagua mabwawa ya samaki na kuchekwa.

Siku moja akaja ofisini mzee wa Gorong'a, mfugaji. Alikuwa ameuza nusu ya zizi lake akanunua mashua, akawapa wakwe zake waiendeshe ziwani, wilaya ya jirani. Yeye mwenyewe hata nyayo hajawahi kulowesha. Sasa doria ya Kenya ilikuwa imeikamata. Wakwe waliachiwa, mashua ikabaki.

"Zile ni ng'ombe zangu zimefungwa kule," alisema. "Twende tufuate nyayo."

Nilicheka. Nikamwambia majini hakuna nyayo. Siku hizo nilikuwa mwepesi wa kukereka. Nilikuwa nimesoma sheria, na kila asiyeijua alinichosha.

Njiani kwenda Sirari, mpakani, kwenye kikao na wenzetu wa ng'ambo, alinieleza desturi ya kwao Wakurya, walio pande zote mbili za mpaka. Ng'ombe wakiibwa, mnafuata nyayo zao mpaka mwanzo wa kijiji kingine. Hapo mnasimama na kupiga yowe. Wenyeji wanakuja, wanazipokea nyayo, wanaendelea nazo wao. Ukivuka bila kupokewa, umekuwa mkosaji na wewe.

"Vizuri, mzee," nilimjibu. "Ila huko ndani niachie mimi nizungumze." Wakwe walikwisha kukiri kwamba walivuka. Nilikuwa nimejiandaa kuomba huruma tu.

Ofisa wa Kenya, kijana nadhifu, alifungua kompyuta. Kwenye ramani ya ziwa kulikuwa na msururu wa nukta nyekundu, zimekatiza mpaka.

"Mzee, boti yako ilikuwa kwetu. Cheki hapa, hata time iko."

Mzee aliinama. Akaweka kidole kwenye nukta ya kwanza, akazifuata moja moja, taratibu, mdomo wazi. "Kumbe maji yanashika nyayo!" alinong'ona. Kisha akanyooka. "Ni zangu. Niliingia kwenu."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Hakujali.

"Sasa nionyeshe zenu," akasema.

Ofisa alisita, akabonyeza. Zikatokea nukta za buluu za mashua ya doria. Zilizikimbiza nyekundu hadi mpakani, zikavuka, zikazikuta ndani ya maji yetu.

"Mlipofika mpakani mlimwita nani azipokee?"

Jambo hilo nililisoma chuoni kwenye sheria ya bahari: unaruhusiwa kukifukuza chombo kilichokukosea, lakini kikishaingia maji ya kwao, unaacha. Ziwa si bahari, lakini hekima ni hiyohiyo. Nililijibu kwenye mtihani nikafaulu, na bado haikunijia kichwani kuuliza njia ya doria. Mzee ambaye hajui kusoma alikuwa amenisomea. Nilimtazama kwa mshangao ambao mpaka leo haujaniisha.

Ofisa alitoka nje kupiga simu, akarudi. Mashua ingeachiwa.

"Nyavu zibaki," mzee akasema.

"Mzee!" Nilishindwa kujizuia. "Nani kakuuliza habari ya nyavu?" Mashua bila nyavu ni mbao tu, na zizi lilikwisha kupungua nusu.

"Zilivua kwao, mama. Nyayo nimezikubali, nitazikataaje sasa?"

Akaomba wino, akaweka dole gumba kwenye karatasi ya makubaliano. Ofisa, ambaye tangu asubuhi alizungumza Kiswahili cha Kenya na Kiingereza tu, alisimama, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, pamoja na wino wake.

"Asante, tata," akasema kwa sauti ya chini. Tata ni baba, kwa Kikurya. Tangu mwanzo alikuwa akiijua ile desturi.