Mbwa wa jirani alimng'ata mke wangu, mimi nikapigania kuhama nyumba badala ya sindano

Wakuu, nawasalimu wote, wa zamani na wageni.

Mimi humu ni msomaji tu. Mwaka wa nne huu sijawahi kufungua uzi. Leo nafungua, na nitakayoandika yamenikuta mimi mwenyewe. Pale nilipokosea nitapaandika kama palivyokuwa. Shule sikufika mbali, mnivumilie.

Mke wangu anaitwa Goreti. Bado sijazoea kusema aliitwa.

Sisi ni Warundi. Tunaishi Nakivale, makazi ya wakimbizi huku Uganda, upande wa Rubondo. Tuna shamba dogo na mtoto mmoja wa kike, Alice, ana miaka saba.

Mwaka jana tuliamua kujaribu mji. Tukapanga vyumba viwili Mbarara, mtaa wa Kakoba. Mimi niuze maharage sokoni, Goreti ashone. Cherehani yake ilisafiri juu ya magunia kwenye lori, na yeye akakaa pembeni ameishika njia nzima, hataki mtu mwingine aiguse.

Mwenye nyumba ni mama wa Kiislamu, kila mtu anamwita Hajati. Mdomo mkali, moyo mzuri. Tulilipa miezi sita mbele na tukaandikishana kwamba anayetaka kutoka mapema atoe taarifa miezi miwili kabla. Nilisaini bila wasiwasi. Nani anapanga nyumba huku anawaza kuikimbia?

Jirani wetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Tumwine, kijana wa bodaboda. Alikuwa na mbwa, jina lake Taiga, amemfunga kamba karibu na njia ya bombani. Choo nacho kiko huko huko. Ua ni mmoja na njia ni moja.

Mwezi wa pili tangu tuhamie pale, siku ya Jumamosi mchana, kamba ilikatika.

Goreti alikuwa anatoka bombani na jerikeni. Mbwa hakubweka hata kidogo, alimrukia tu. Alimng'ata mkono wa kulia, juu ya kiwiko na tena kwenye kiganja. Alice alikuwa nyuma ya mama yake, ameona yote.

Mimi niliitwa kutoka sokoni. Nilikuta mbwa ameshafungwa tena na Tumwine amepiga magoti mbele ya mlango wetu, mimi ananiita ssebo, yaani bwana, mke wangu nyabo, yaani bibi.

"Ssebo, nisamehe. Nyabo, nisamehe. Taiga haijawahi kuuma mtu. Sijui leo imeingiwa na nini."

Wakuu, hilo neno la mwisho lilitosha kunishtua. Halikunishtua. Nilikuwa na hasira tu.

Siku ile tulifunga kidonda kwa kitambaa. Jumapili ndiyo nikampeleka hospitali. Muuguzi alituuliza kwa nini tumelala na kidonda bila kukiosha. Akakiosha kwa sabuni na maji mengi, kwa muda mrefu. Akamchoma sindano, akatupa kadi yenye tarehe. Ya pili ilikuwa Jumatano.

Akatuambia mambo mawili. Tusikose tarehe hata moja. Na mbwa asiuawe, afungwe, tumtazame siku kumi. Akifa au akipotea, tuje mbio.

Nilielewa vizuri. Nataka mjue hilo, kwa sababu watu wa nyumbani wananitetea wanasema sikuelewa.

Turudi kwenye nyumba.

Goreti hakuweza tena kupita ule ua. Alikuwa anangoja mimi nirudi nimsindikize chooni, mtu mzima. Alice akaanza kukojoa kitandani. Jumatatu jioni Goreti akaniambia, "Baba Alice, mimi hapa sibakie. Ile mbwa inaniangaliaka kama inanijua. Turudi kwetu."

Nikaenda kwa Hajati. Nilimkuta anachambua mchele barazani.

Nikamwambia mkataba tunauvunja, mke wangu haishi na mbwa.

"Wewe bwana, mimi nilikupa nyumba, sikukupa mbwa," akasema. "Nyumba ndiyo imeuma bibi yako?"

"Hajati, ua ni wako."

"Ua ni yangu, ndiyo. Basi ngoja. Mimi nitasema na Tumwine, hiyo mbwa itatoka hapa ikienda kwa ndugu yake. Hata mimi dini yangu haitaki mate ya mbwa kwa ua. Nipe wiki mbili. Nyinyi kaeni, mgonjwa apone."

Nikiyakumbuka hayo maneno leo naona mama wa watu alisema vizuri kabisa. Wakati ule nilisikia kitu kimoja tu, kwamba amekataa. Nikamwambia tutaonana kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mwenyekiti akapanga kikao. Jumatano asubuhi.

Ndiyo, ile Jumatano.

Asubuhi Goreti alivaa kitenge chake cha kwenda misa, ameshika kadi. "Baba Alice, leo ni siku ya sindano."

Nikamjibu, "Tumalize hili kwanza. Sindano haikimbii."

Na kuna kingine ambacho sijawahi kumwambia mtu. Nilimfungua bandeji. Nilitaka mwenyekiti akione kidonda kikiwa wazi, aone ukubwa wake. Kidonda cha mke wangu nilikifanya barua ya kuombea ruhusa ya kuhama.

Kikao kilichelewa, si mnajua vikao. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, watu wanapita wanachungulia ule mkono. Mwanamume mmoja, hata simjui, akasema kwa sauti, "Banange, nyinyi watu wa Nakivale! Mlikimbia vita, sasa mnakimbia mpaka mbwa?" Watu wakacheka. Goreti akaficha mkono ndani ya kitenge.

Pale ndipo kitu kikanipanda kichwani. Ningeweza kuondoka niende hospitali, muda bado ulikuwepo. Lakini nilitaka nishinde mbele ya wale waliocheka.

Na nilishinda. Mwenyekiti alipouona mkono alisema mama huyu hawezi kulazimishwa kukaa pale. Hajati akainua mikono juu. "Waende. Nani anamfunga mtu? Lakini bwana, huyu bibi apelekwe kwa daktari, mkono umevimba." Hata yeye aliliona hilo.

Tulitoka pale saa tisa. Nilisema tutaenda kesho. Kesho yake lori la maharage lilikuwa linarudi Nakivale tupu, nafasi ya bure. Tukapakia.

Tumwine alikuja kusaidia kubeba cherehani, nikamkataza. Akasema, "Sawa, ssebo. Nitakupigia nikuambie hali ya Taiga mpaka siku kumi ziishe." Lori lilipotoka tu Kakoba nika-block namba yake. Sikutaka kusikia habari za mbwa tena.

Yaani yule mtu pekee aliyekuwa anamtazama mbwa kwa niaba yetu, nilimfungia simu.

Rubondo tulipokelewa vizuri. Shangazi yangu Perpetua alikuja na jiwe jeusi. Kwa wasiolijua, kwetu Burundi na Kongo watu wengi wanalo. Ni kipande kidogo cheusi, unakiweka juu ya kidonda, kinashika chenyewe, na wanasema kinanyonya sumu mpaka iishe, kisha kinadondoka.

Lilishika. Tukakaa tunalitazama kama tunatazama mganga akifanya kazi. Kesho yake likadondoka na shangazi akapiga vigelegele. "Imekwisha, mwanangu. Sumu yote imetoka."

Shangazi simlaumu. Alitoa alichokuwa nacho kwa upendo. Kadi mfukoni nilikuwa nayo mimi.

Goreti aliniuliza habari za sindano mara mbili tena. Mara ya kwanza nikamwambia Jumamosi. Mara ya pili nikamwambia wiki ijayo, kwa sababu kutoka Rubondo mpaka Mbarara ni safari ya kupoteza siku nzima na tulikuwa kwenye palizi. Kituo cha afya cha jirani sikwenda hata kuuliza kama sindano ipo. Kidonda kilikuwa kinafunga vizuri. Mara ya tatu hakuuliza tena.

Alianza kushona. Wateja wa zamani wakarudi. Alice akaacha kukojoa kitandani. Nikajisifu moyoni kwamba nimefanya uamuzi wa mwanamume.

Mwezi ukapita na zaidi. Siku moja Goreti akasema mkono unamwasha kwa ndani, pale pale palipong'atwa, kama siafu wanatembea chini ya ngozi. Nikasema kidonda kinapona.

Siku ya pili yake dereva wa lori la maharage akanikuta shambani. Amebeba ujumbe wa Hajati. Mbwa alikufa Ijumaa, siku moja tu baada ya sisi kuondoka. Tumwine alikuwa amepiga simu mpaka akachoka. Hajati akawa anamuuliza kila anayetoka Nakivale kama anatujua, na Nakivale ni kubwa wakuu, watu hawajuani. Dereva huyu alikuwa amebadilishiwa njia, ndiyo amerudi wiki ile.

Nilikimbia nyumbani na jembe mkononi.

Nilimkuta Goreti amekaa mlangoni na kikombe cha maji. Alikuwa anakiinua, kikifika mdomoni koo linakataa, anakiweka chini. Anajaribu tena. Akaniangalia akacheka kidogo kwa aibu, kama mtu aliyekosea kitu rahisi.

Hospitali daktari aliomba kadi. Akaiangalia mbele, akaigeuza nyuma, kama anatafuta maandishi mengine. Muhuri ulikuwa mmoja. Akaniita nje akaniambia ugonjwa huu ukishaanza kuonekana hakuna dawa ya kuurudisha.

Sitaandika zile siku tatu. Zibaki zake.

Nitaandika tu kwamba alipokuwa na akili zake aliniambia, "Nguo ya mama Clarisse iko kwenye mfuko wa bluu. Bado vifungo tu. Uipeleke, ana harusi." Hakunilaumu. Nilingoja anilaumu, hakunilaumu.

Tulimzika Rubondo. Tumwine alikuja na pikipiki yake, akasimama nyuma kabisa ya watu. Wajomba zake Goreti walitaka kumfukuza, nikasema aachwe. Baadaye nilimfuata nikamwambia, "Namba yako nilikuwa nimeifunga." Akasema, "Nilijua." Tukakaa chini wote wawili.

Nguo ya mama Clarisse niliipeleka. Vifungo alishona shangazi.

Wakuu, najua wengi humu ni wapangaji. Mtauliza kama nilikuwa na haki ya kuhama kabla ya muda. Nadhani nilikuwa nayo, na bado naamini mtu asilazimishwe kuishi mahali anapoogopa kwenda chooni. Ila nyumba ingeweza kungoja. Hajati angengoja, mwenyekiti angengoja, hata aliyetucheka angengoja. Kidonda hakikuwa na muda huo, na mimi niliambiwa.

Kwa hiyo jifunzeni kwangu. Ukiumwa na mbwa, osha kwa sabuni na maji mengi papo hapo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maliza tarehe zote za kadi. Jiwe jeusi halitibu kichaa cha mbwa. Na hata ukigombana na mwenye mbwa, usimfungie simu.

Andikeni chochote, nitasoma zote, hata za kunitukana. Aliyewahi kufiwa kwa kosa lake mwenyewe aniambie anamweleza nini mtoto, maana Alice ameanza kuuliza kwa nini mama alichomwa sindano moja tu.

Lakini kama wewe unayesoma hapa umeng'atwa juzi na kadi iko mfukoni, usinijibu. Weka simu chini uende.