Kifua Changu Hakina Chira

Nianze na hili, maana hadi leo kuna watu kijijini kwetu Pap Onditi wanaolisema nikishapita: sikuugua kwa sababu ya sukuma wiki. Niliugua kwa sababu mdudu aliingia kwenye kidonda cha kifua changu, na mimi, kwa ujinga wangu mwenyewe, nikamsikia akila mfupa nikashangilia.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina cherehani yangu sokoni Katito, nashona sare za shule. Nilipokuwa mtoto nilisumbuliwa sana na koo, na nyumbani kwetu hakuna aliyejua kwamba koo linaweza kuharibu moyo. Baada ya kuzaa mara ya tatu, nilikuwa siwezi kufika barabarani bila kukaa chini njiani. Ndipo madaktari wakanipasua. Walikata mfupa wa kidari katikati, wakatoa vali ya moyo iliyokuwa imechakaa, wakaweka ya chuma, kisha wakaufunga mfupa kwa waya. Siku ya kuniruhusu, daktari aliniambia, "Utaisikia. Itakuwa ikipiga tik, tik, kama saa. Usiogope. Ukiisikia, ujue inafanya kazi."

Usiogope! Basi mimi sikuogopa chochote.

Nyumbani kila mtu alitaka kusikiliza. Watoto walilaza masikio mgongoni mwangu. Mama mkwe aliita majirani. Nilikuwa na saa kifuani na nilijivuna nayo, kwa nini nidanganye? Miaka yote hiyo nilikuwa yule mgonjwa wa kuonewa huruma, na sasa watu walikuja kunishangaa.

Wiki ya tatu sauti ikabadilika. Tik ilikuwepo, lakini ikaja nyingine nzito zaidi. Nikigeuka kitandani, kach. Nikicheka, kach. Mume wangu, ambaye ni mwashi na huongea kidogo, aliuliza kama hiyo nayo ni kawaida. Nikamwambia mashine inazoea mwili. Wanawake wa kanisa walipokuja kuniombea, mama mkwe aliniambia, "Kohoa wasikie." Nikakohoa. Kach! Wakapiga vigelegele, wakaimba, mmoja akasema gari limeshika gia. Nilicheka hadi nikashika kifua kwa maumivu.

Siku zile zile mshono ulianza kulowa upande wa chini. Doa dogo tu kwenye blauzi. Nikakata kipande cha kitambaa cha sare, nikakunja, nikakiweka ndani. Kesho yake nikaweka viwili. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimechoka kuwa mgonjwa, nimechoka kabisa, na nilijiambia kwamba nikikaa kimya kitakauka. Homa ikaja. Halafu harufu ikaja, na harufu haifichiki.

Daktari wa zahanati alikuwa kijana mpole. Aliweka kiganja chake juu ya kidari changu, akasema, "Kohoa." Nikakohoa kwa madaha, nikitaka asikie mashine yangu. Uso wake ukabadilika.

"Hii inasikika tangu lini?"

"Kama wiki mbili. Si ndiyo vali?"

"Mama, hii si vali. Ni mfupa. Umeachana, vipande viwili vinasuguana. Chini yake kuna usaha."

Nilitaka ardhi inimeze. Nilikuwa nimewakoholea watu wakanipigia vigelegele, kumbe kifua changu kilikuwa kinafunguka.

Kule Kisumu, katika hospitali ambayo sitaitaja, walinifungua tena. Walitoa waya zilizolegea, wakakwangua mfupa uliooza, wakachukua usaha kidogo kwenda kuupima wajue ni mdudu gani na anaogopa dawa ipi. Kidonda hawakukishona. Walikijaza sponji, wakakifunika kwa plastiki, wakaunganisha mpira kwenye mashine ndogo iliyokuwa ikinyonya uchafu mchana na usiku. Kila baada ya siku mbili tatu sponji ilibadilishwa. Dawa ilipita kwenye mshipa. Daktari wa upasuaji alinieleza bila kuzunguka: kidonda kikishasafika, watavuta msuli wa kifua waufunike pale palipokosa mfupa, na nitapona. Nikitoka kabla ya hapo, usaha utafika kwenye vali ya chuma, na hapo hakuna atakayeweza kunisaidia.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa. Sitoki hata kwa tingatinga."

Lakini nyumbani kulikuwa na mpango mwingine. Kwetu kuna neno, chira. Ukivunja mwiko wa boma, mwili wako unaanza kuisha kidogo kidogo, na hospitali haikusaidii mpaka urudi unywe manyasi, yaani maji ya mizizi yanayotengenezwa na mtu anayejua. Na mwiko nilikuwa nimevunja. Mke hapandi kabla ya mama mkwe wake. Mimi, kabla ya mvua, kabla mama mkwe hajagusa jembe, nilikuwa nimepanda sukuma wiki kwenye magunia mawili mlangoni kwangu, kwa sababu sikuwa na pumzi ya kwenda shambani.

Wazee walikaa kikao kizima kuamua kama gunia ni shamba. Yawa! Watu wazima na fimbo zao! Wakaamua ni shamba.

Simsemi mama mkwe vibaya. Aliniosha miguu nilipokuwa siwezi kuinama, na uji wake ndio niliokuwa nikiutamani wodini. Alikuwa anaogopa kunizika, na kwa hofu ile alijua njia moja tu. Lakini kifua kilikuwa changu.

Asubuhi moja mume wangu akatokea wodini amevaa shati lake la mazishi na harusi, ana chupa ya plastiki ndani ya mfuko wa karatasi.

"Nyar Kano," akaniita. Binti wa Kano. Ndivyo wake wanavyoitwa kwetu, kwa mahali walikotolewa, na hata nikizeeka huko nitabaki nyar Kano. "Vaa. Gari iko hapo chini."

"Gari ya kwenda wapi?"

"Nyumbani. Wazee wamemaliza. Unakunywa hii, unalala nyumbani wiki moja, halafu unarudi hapa unaendelea na hawa."

"Nitarudi nikiwa ndani ya nini? Ndani ya sanduku?"

"Usiongee hivyo."

"Naongea hivyo! Wewe umesikia daktari?"

"Nimesikia. Na mama pia nimesikia. Analia kila siku. Nifanye nini mimi?"

Sista wa zamu alikuwa anasukuma kigari cha dawa kuja kwangu, mwanamke mfupi mwenye mdomo mkali. Alipoiona chupa alisimama. "Hiyo kitu haigusi mdomo wake. Anameza dawa ya kuzuia damu isigande kwenye vali. Ukimchanganyia mizizi, anaweza kuvuja damu mpaka aishe, ama igande na vali ifungane. Umesikia, baba?"

Mume wangu akatazama dirishani, ambako magugu yalikuwa yamefunika ziwa hata huwezi kujua kama ni maji au malisho. Nilimwonea huruma, halafu hasira ikaishinda huruma.

"Umewahi kukiangalia?" nikamwuliza.

"Nini?"

"Hicho unachotaka kukipeleka nyumbani."

Kila mara sista alipovuta pazia, yeye alikuwa anakumbuka simu ya kupiga.

"Sista, mvalishe. Leo anaona."

"Mama, hii si sinema."

"Anataka kunitoa hapa. Aone anachokitoa."

Sista alinitazama, akamtazama yeye, akampa gauni, barakoa na glavu. "Husogei. Hugusi. Ukisikia kizunguzungu, kaa chini, usiniangukie."

Akabandua plastiki. Akaanza kuvuta sponji. Inauma, nisikudanganye, dawa ya maumivu ikiwepo na isipokuwepo, niliuma shuka. Sponji ikatoka na hewa baridi ikaingia mahali ambapo hewa haifai kuingia. Nilikuwa nimekiona mara moja kwenye kioo, kwa hiyo nilijua anaona nini: nyama nyekundu, safi, na chini kabisa, katikati, ikipanda na kushuka.

"Kinaruka," akasema, sauti imekwama kwenye barakoa. "Kuna kitu kinaruka."

"Hakiruki. Kinapiga. Huo ni moyo wangu. Kati yake na wewe pamebaki nyama nyembamba kama kitambaa cha bitana."

Akainama kidogo atazame.

"Haya, angalia vizuri. Chira iko wapi humo? Nionyeshe gunia la sukuma liko wapi!"

Nilikuwa nalia, sikujali. Wagonjwa wa pembeni walikuwa wakisikia yote nyuma ya pazia. Nikamwambia, "Hata ungekuja na wazee wote na mama yako mbele, singetoka. Ungenibeba na hii mashine na huyu sista. Sikukuita kukuomba ruhusa. Nataka ujue tu."

Simu yake ikaanza kuita mfukoni. Akasahau glavu, akaitoa hivyo hivyo, na sista akafoka, lakini alikuwa ameshapokea. Nilisikia sauti ya mama mkwe, ya juu, ikiuliza kama tumeshaingia garini.

"Mama," akasema. "Nimeuona moyo wake."

Sauti ikaendelea kuuliza.

"Hapana, sisemi nimeambiwa. Nimeuona. Kwa macho yangu. Uko wazi, Mama, unapiga." Akavuta pumzi. "Simtoi hapa."

Akazima. Sista akamwambia amalize maonyesho yake, atoke nje, yeye afunge kidonda. Hakutoka.