Kitabu cha Mueni

Ninyi mnaoniona leo nimejaza kiti hivi, mjue kuna mwaka nilikuwa natoshea sketi ya mtoto wa darasa la nne. Naitwa Ndunge, fundi wa nguo hapa Kitengela. Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa nyumbani kabisa. Cherehani mlangoni, chai kando, mtoto wangu Kioko mgongoni, wateja wanajileta wenyewe. Hata sokoni nilimtuma wifi yangu Mueni, dada ya mume wangu, aliyekuwa akikaa kwetu.

Kikohozi kilianza miaka ya tisini, baada ya mvua ndefu. Nikasema ni vumbi la vitambaa. Mwezi ukaisha, nakohoa mpaka mshono unaenda upande. Jasho linalowesha shuka. Hata muthokoi wetu wa mahindi ya kukobolewa na maharagwe ulinigeuka mdomoni.

"Wifi, enda hospitali," Mueni akaniambia. "Unatufukuzia wateja."

Siku hizo mgonjwa mpya alilipa dirishani kwanza, halafu akajinunulia kitabu cha mazoezi cha kuandikiwa ugonjwa wake. Aliyerudi na kitabu alipita tu. Sisi hatukuwa na kitu. Mume wangu alikuwa kibarua wa mjengo, na mjengo ulikuwa umesimama. Lakini Mueni alikuwa na kitabu chake, kurasa bado nyingi. Akanipa. Tukaona tumeishinda serikali akili. Na mimi mtu wa form four!

Hospitalini wakaita, "Mueni! Mueni!" Mimi nimekaa nashangaa huyo Mueni amezubaa wapi. Nikapoteza zamu.

Nilipoingia, daktari akafungua kitabu. "Mueni, makohozi yako tulishapima. Huna TB. Ni kifua tu."

Kweli walipima. Ya Mueni. Nikafungua mdomo niseme, nikakumbuka lile dirisha, nikaufunga. Nikapewa dawa ya kikohozi. Nilirudi mara tatu, na kila mara wanasoma kitabu, mimi hakuna anayenisoma. Na mimi nasema, "Asante, daktari."

Asubuhi moja nikakohoa damu juu ya gauni la harusi la mteja. Mjinga mimi, nikakimbilia kuosha gauni. Mume wangu akaniombea nafasi kwa lori la mchanga mpaka hospitali ya Kajiado, Kioko nikambeba.

Nesi wa huko alikuwa mama Mmaasai wa makamo. "Sopa, mama," akanisalimia Kimaasai.

"Epa," nikajibu kwa pumzi ya kuazima.

Akasoma kitabu, akanitazama. "Mueni, hapa wameandika ulipasuliwa appendix. Nionyeshe kovu."

Nikainua blauzi. Ngozi laini kama sahani.

"Lilipona vizuri, sista."

"Mama, tumbo halifutwi na rubber. Wewe ni nani?"

Nikalia, nikamwambia yote. Nikangoja anifukuze. Akakiweka kitabu kando, akachukua kingine kipya. "Jina lako, lile alilokupa mama yako."

"Ndunge."

Makohozi yangu mwenyewe yakapimwa. TB, tena imejaa.

"Na unajua dawa zake ni za bure?" akauliza.

Sikujua. Hapo nilishikwa na hasira ambayo sijaimaliza mpaka leo. Dawa ni za bure, lakini zimewekwa ndani ya nyumba yenye mlango wa kulipia! Nani alikaa akapanga hivyo? Miezi yote hiyo nilikuwa namkoholea Kioko. Walipompima, nilimshika mkono nikiomba. Mungu alitusikia, mtoto alikuwa mzima.

Nilitibiwa miezi minane. Sindano mpaka makalio yakakataa kiti. Mkojo ukawa rangi ya soda ya machungwa, nikadhani ninakufa tena. Sista akasema ni dawa tu, akacheka mpaka akashika meza. Pole pole chakula kikakubali, na sketi yangu ikanirudia.

Namshukuru Mungu, na yule sista aliyetafuta kovu. Wewe unayekohoa wiki tatu, enda upimwe, na uende kwa jina lako. Ukikosa cha kulipa, sema hivyo kwa sauti, waone haya wao.

Juzi Mueni naye akaanza kukohoa. "Wifi, kile kitabu chako cha Kajiado bado kiko na kurasa?"

Nilimshika mkono mpaka dirishani. Bado liko palepale, wameliongezea rangi tu. Nikamlipia, nikamnunulia kitabu chake, tukakaa kwenye benchi kungoja.

Walipoita "Mueni!" tulisimama wote wawili.