Upinde Nilioupeleka Lupaso

Naandika nikiwa na hasira, na mwenye kosa ni mimi. Mume wangu, Baba Zuhura, ana wazimu wa pinde za asili. Wiki iliyopita alimchukua mbuzi wangu, niliyepewa na mama, akarudi na upinde. Jumapili nikaubeba hadi Lupaso, ambako wapenzi wa pinde hukutana kubadilishana.

"Shikamoo mzee," nikamwambia mwenye upinde. "Nimefuata mbuzi wangu. Hiki ulichotupatia ni kijiti."

"Marahaba, Mama Zuhura. Keti kwanza."

Niketi wapi! Nikaukunja gotini niufunge kamba, watu wote waliokuwapo waone ubovu wake. Ukavunjika.

"Mnaona? Umeoza."

"Umeukunja kinyume, mama."

"Nipe mbuzi."

Akanionyesha mkorosho. Mbuzi wangu kafungwa pale, amenona.

"Kwetu mtu huacha rehani, akaujaribu upinde wiki nzima kabla ya kuamua. Mumeo kanipigia simu asubuhi, kasema haumfai, anaurudisha leo. Ukirudi mzima, mbuzi anaondoka."

Wote wakatazama vipande viwili mikononi mwangu.

"Sasa Mama Zuhura," mzee akauliza kwa upole, "ungekuwa mimi, ungemfungua?"