Benki Iliyotaka Kumwona Baba

Mwanamke wa benki aliniuliza kama baba yangu yu hai. Nilikuwa jikoni kwangu Grand Prairie, saa kumi na moja alfajiri, nimeshavaa sare ya kazi, na baba mwenyewe ameketi mbele yangu anachovya mkate kwenye chai. Mombasa ilikuwa saa nane mchana, na benki ilifunga saa tisa. Kadi yangu ya simu ya dola tano ilikuwa imeshaliwa nusu na muziki wa kusubiri.

"Yuko hapa," nikamwambia. "Nimpe simu uzungumze naye?"

"Sauti haitusaidii, madam. Lazima mwenye akaunti afike mwenyewe."

Nikamweleza kwamba mwenye akaunti ana miaka sabini na minne, ana sukari na presha, na kwamba kutoka Texas hadi Mombasa si kuvuka kivuko cha Likoni. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ya mtu aliyekwisha kuamua, kisha akarudia maneno yaleyale. Kadi ikaisha kabla sijamjibu. Nikabaki nimeshika simu iliyokufa, na baba akaniuliza wamesemaje. Nikamwambia wanataka kumwona. Akaitikia kwa kichwa, akamimina chai nyingine.

Baba alikuwa karani wa bandari kwa miaka thelathini na mmoja. Pensheni yake iliingia moja kwa moja benki kila mwezi, na tangu nilipomleta Marekani, mwaka mmoja baada ya mama kufariki, hakuigusa. Alikuwa ameacha maagizo pale benki kwamba sehemu kubwa ihamishiwe kwa dada yake, shangazi yangu, mjane asiye na mtoto aliyekaa Kibokoni katika chumba cha kupanga. Mambo yalikwenda hivyo zaidi ya mwaka. Halafu shangazi akapiga simu, kwa aibu, akizunguka na maneno, akiuliza habari za watoto na hali ya hewa, mpaka mwisho akasema kwamba ni mwezi wa pili hajaona kitu. Benki ilikuwa imeifunga akaunti kwa sababu mwenyewe hajaonekana.

Nilisema nitamtumia mimi. Baba akakataa.

"Dada yangu hatalishwa na binti yangu, na mimi nina haki yangu imekaliwa," alisema.

Nikamtumia kwa siri, kwenye duka la kutuma pesa karibu na kazini, nikamwomba shangazi asimwambie. Lakini hasira ya baba nikaichukua nikaifanya yangu. Mimi nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Mchana kutwa niliwaogesha wazee wa watu, nikawalisha, nikawabadilisha nguo, nikajaza fomu zao. Leo watu wasiomjua baba yangu, waliokaa nyuma ya kaunta mjini kwetu, wananiambia mzee wangu hayupo mpaka wamwone. Nilikuwa nikiwaza hivyo njiani, nikiendesha gari, mpaka nikajikuta nimepita mahali pangu pa kutokea barabara kuu.

Baada ya simu nyingi benki ikakubali kutuma fomu kwa faksi. Baba alitakiwa kutia sahihi mbele ya mtu mwenye mhuri wa serikali, naye athibitishe kwamba huyu ndiye na yu hai. Nikadhani ni jambo la nusu saa. Nikampeleka kwenye tawi la benki yangu hapo Grand Prairie, ambako palikuwa na mama mwenye mhuri wa namna hiyo. Akaigeuza fomu huku na huku, akatazama ile nembo ya ngao na mikuki, akasema hawezi kushuhudia karatasi ya nchi asiyoijua. Nikamwambia hashuhudii nchi, anamshuhudia mzee aliyesimama mbele yake. Akasema samahani. Mahali pa pili wakataka kitambulisho cha Texas, na baba hakuwa nacho. Pasipoti yake hawakuitaka.

Msikitini mtu akatuambia kwamba Houston, upande wa Alief, yuko Mtanzania mmoja mwenye mhuri ambaye huwahudumia Waafrika. Mume wangu alikuwa safarini na lori lake, kwa hiyo Jumamosi moja nikamtia baba garini, tukashuka kusini saa nne nzima. Yule Mtanzania alikuwa na meza yake nyuma ya duka la unga, samli na papa mkavu. Alivaa tai. Akasimama, akamwamkia baba shikamoo, akasoma fomu yote neno kwa neno, akampa kalamu yake mwenyewe, kisha akagonga mhuri. Dakika kumi. Saa tatu zilizofuata baba alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa duka akizungumza na watu. Alimpata mtu wa Lamu, alimpata Mkongo aliyewahi kupitisha mizigo bandarini Mombasa, wakatafuta majina ya meli walizozijua wote wawili. Mimi nilikuwa nimesimama na funguo mkononi. Kesho yake nilikuwa na zamu ya asubuhi, na hata siku ile, nakiri, nilikuwa nimekasirika.

Tukaituma fomu kwa gharama kubwa, ifike kwa siku nne. Baada ya wiki tatu nikapiga simu. Mwanamke yuleyule akaniambia sahihi hailingani na ile ya kwenye kadi yao.

"Kadi hiyo ni ya mwaka gani?" nikauliza.

Akaenda kuitafuta. Ilikuwa ya siku baba alipofungua akaunti, mimi nikiwa bado shule ya msingi.

"Dada yangu," nikamwambia, "mkono wa mtu hauzeeki?"

"Tunalinda pesa za mteja, madam."

"Mnazilinda na nani? Na yeye mwenyewe?"

Nikaongeza mengine ambayo sikufundishwa nyumbani kwetu. Nilimwita jina baya. Nilimwambia anakula mshahara wa bure. Baba akasimama, akanitoa simu mkononi, akaikata. Hakunigombeza. Alichukua bahasha kuukuu kwenye kapu la barua, akaketi mezani akaanza kutia sahihi nyuma yake, moja chini ya nyingine. Mkono ulikuwa ukitetemeka tangu mwaka mama alipougua. Alijaza bahasha, akachukua nyingine. Niliporudi jioni bahasha zilikuwa zimejaa meza, naye akanionyesha moja kwa kidole.

"Hii inakaribia," alisema. "Lakini si yangu."

Nilikwenda bafuni nikafunga mlango, nikalia kwa hasira, si kwa huzuni. Wiki ile nikamwomba daktari wake aandike barua kwamba mgonjwa ana mtetemo wa mikono. Tukarudi tena Alief na fomu ya pili, tukaituma pamoja na barua ya daktari. Kisha kimya. Kila nikipiga simu naambiwa faili liko kwa meneja. Mwezi ukapita, na wa pili, na wa tatu. Mwishowe nilikuwa naamka na hasira kabla sijafumbua macho. Niliwafokea watoto, nao wakinijibu kwa Kiingereza nikazidi kuwafokea. Mume wangu akaniambia niache, pesa zenyewe hazifiki hata bili ya umeme. Sikusema naye siku mbili.

Siku moja, tukiwa tunakula, baba akasema atakwenda mwenyewe.

Nikamwambia haiwezekani. Nikamtajia sukari, presha, miguu inayovimba. Akasema daktari amruhusu au asimruhusu, benki wanataka kumwona uso wake, na uso anao. Tukabishana wiki nzima. Mwisho nilishindwa, kwa sababu sikuwa na njia nyingine ya kumpa. Nikachukua zamu za ziada, nikanunua tikiti ya kwenda na kurudi, wiki sita. Siku ya safari alivaa suti yake ya kijivu na kofia nyeupe ya kazi ya mkono. Uwanjani mtu wa shirika la ndege alimkalisha kwenye kiti cha magurudumu, na nilipomwona anasukumwa namna ile, mzee wa watu, kwenda kuthibitisha kwamba anapumua, niliilaani benki ile kwa sauti mbele ya abiria. Baba akageuka, akanipungia mkono. Alikuwa akicheka.

Alifika salama. Siku ya tatu akaenda benki na shangazi. Meneja alipomwona alisimama, akamletea kiti, akamwita mzee wetu, na kabla ya adhuhuri akaunti ikafunguliwa na maagizo ya shangazi yakarudishwa. Baba alinisimulia haya kwa simu, na kila neno jema alilolisema juu ya meneja yule lilinichoma. Asubuhi moja tu. Mimi nilikuwa nimehangaika miezi saba.

Wiki sita zilipokaribia kwisha akaniomba mwezi mmoja. Mwezi ulipokwisha akasema shangazi anaumwa magoti, hawezi kumwacha. Kisha akaacha kutoa sababu. Tarehe ya tikiti ikapita. Nikaelewa kwamba harudi, na nikajua wa kumlaumu ni nani: nilipokonywa baba yangu na benki. Nikaandika barua ya kurasa tatu kwa makao makuu, Nairobi. Niliandika kila kitu, fomu ya kwanza, fomu ya pili, kadi za simu, kiti cha magurudumu. Niliandika kwamba iwapo mzee huyu ataanguka huko peke yake, wao ndio watakaojibu mbele ya Mungu.

Jibu lilikuja haraka kuliko nilivyotegemea, barua fupi yenye pole nyingi, na nyuma yake wamebandika nakala. Ilikuwa nakala ya barua ya meneja wa Mombasa, iliyotumwa kwa anwani yetu ya Grand Prairie miezi miwili kabla baba hajasafiri. Meneja alikuwa amesoma maelezo ya daktari. Alikubali alama ya kidole gumba badala ya sahihi, mradi ishuhudiwe na mwenye mhuri. Alimalizia kwa kusema hakuna haja ya mzee kujisumbua kusafiri.

Niliisoma nimesimama penye masanduku ya barua, chini kwenye jengo letu. Kila siku, sisi tukiwa kazini na watoto shuleni, ni baba aliyeshuka kuchukua barua. Ndiyo safari pekee aliyoweza kwenda mwenyewe bila kubebwa na gari la mtu.

Nilimpigia simu saa ileile. Akapokea shangazi, nikamwambia nataka baba, bila salamu.

"Baba, ile barua ya meneja uliipata?"

Nilisikia redio nyuma yake.

"Niliipata."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeninunulia tikiti?"

Nilimjibu maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake. Nilimwambia amenidanganya, amenifanya mjinga mbele ya benki nzima, nimewatukana watu kwa ajili yake na zamu nilizofanya ziliniharibu mgongo. Nilimuuliza nilimkosea nini, alinyimwa nini nyumbani kwangu.

"Hukuninyima kitu," akasema. "Ulinitunza, na Mungu atakulipa. Lakini nilikwambia mara mbili nataka kurudi, ukaniambia tutaona majira ya joto yakiisha. Ukaniambia tena."

Ni kweli, alikuwa ameniambia. Mara ya kwanza nilikuwa nakunja nguo, mara ya pili nilikuwa nasinzia kwenye kochi. Nilidhani ni maneno ya mzee aliyekosa mazungumzo. Kulijua hilo hakukunituliza, kulinizidishia. Nikaweka simu chini.

Sikumpigia zaidi ya miezi miwili. Nilituma pesa za dawa kupitia shangazi, naye alinisihi kila mara, na mimi kila mara nikamwambia nina kazi. Niliwakasirikia wote kwa zamu. Baba, kwa kunificha. Benki, kwa kusumbua miezi mitano kabla ya kuandika barua ambayo ingeandikwa siku ya kwanza. Yule mama wa Grand Prairie na mhuri wake. Mimi mwenyewe nilijiweka mwisho wa mstari, nikafanya kama sijioni. Idi ilipofika mume wangu alipiga namba, akazungumza na baba, akanikabidhi simu. Baba akaniuliza watoto wameshona nguo gani. Nikamjibu. Habari ya barua hatukuitaja tena, siku ile wala siku nyingine.

Mwaka uliofuata nilipata likizo ya wiki mbili, nikaenda Mombasa. Baba alikuwa amekonda, lakini alitembea. Alinichukua jioni baada ya swala ya alasiri, tukaenda kwa miguu, polepole, mpaka barazani alipokaa na wenzake, watu watano wa bandari wa zamani, wakinywa kahawa. Wakasogea kunipa nafasi. Mmoja akauliza mimi ni nani.

"Huyu ndiye mwanangu wa Marekani," baba akasema. "Mimi sikuwa na nauli. Huyu ndiye aliyenirudisha nyumbani."

Wote wakaniombea dua, mmoja baada ya mwingine, na baba akaitikia amina kwa kila dua. Mimi niliitazama kahawa yangu. Nilikuwa bado nimekasirika, na nilikunywa kikombe chote.