Pampu Yenye Kiu

Nilisafiri kutoka Tunduma nikibadili mabasi, nikashuka Bariadi kando ya duka la vipuri lililonuka grisi na mpira.

Baba alinuka hivyo siku aliyofungua pampu ya kisima chetu, akaiwekea washa, kipande cha mpira cha kuzuia hewa, aliyoikata kwenye tairi kuukuu. Kama isingevuta maji, tungehama. Akaomba ndoo yetu ya mwisho ya maji aimwagie, ipate kuvuta.

"Hayo ni ya watoto," mama alisema.

"Nayo ina kiu, mayu," baba akajibu, akimwita "mama" kwa Kisukuma.

"Haya. Ikishakunywa, isitusahau na sisi."

Pampu ilimeza yote. Tulisukuma mpini kwa zamu mpaka viganja vikachubuka, ikatoa hewa tu.

Alfajiri tulihama. Ng'ombe walipokwisha kutangulia, baba alirudi akaufunga mpini kwa kamba, ili mpita njia mwenye kiu asijisumbue bure.