Ripoti Niliyoisafisha

Kazi yangu hapa Garissa ni kusafisha Kiingereza cha watu wengine. Nimeajiriwa na shirika dogo la maji. Kila wiki maafisa wetu wa nyanjani hunitumia ripoti kwa simu, nami huzinyoosha, kisha huzipeleka kwa mkubwa wetu aliyeko Nairobi. Kwetu ni Mwingi, saa chache tu kwa basi, lakini mwaka wa kwanza ilikuwa kana kwamba nimevuka bahari. Majirani ni watu wema. Hunikaribisha chai ya maziwa ya ngamia, hunisalimu kwa Kiswahili, halafu hurudi kwenye Kisomali chao, nami nabaki nikitabasamu bila kujua wanacheka nini.

Mkubwa wetu huchukia maneno ya kusitasita. Alitutumia ukurasa mmoja: upande huu maneno yaliyopigwa marufuku, "maybe", "I think", "somehow", "kind of", na upande ule maneno ya kitaalamu ya kuweka mahali pake. Niliupenda ukurasa ule kupita kiasi. Kila nilipoikuta "somehow" kwenye ripoti ya mtu nilifurahi kama mwenye nyumba aliyepata mende chini ya kandambili yake.

Aliyekuwa na mende wengi kuliko wote ni afisa wetu wa upande wa Balambala, mzee mfugaji aliyejifunza Kiingereza ukubwani. Yeye aliniita abaayo, yaani dada, na akataka nimwite adeer, baba mdogo. Kila Alhamisi, baada ya kutuma ripoti, alinipigia simu. Aliniuliza kama kuna amani. Akauliza amani ya nyumbani kwetu, ya mama yangu, ya mbuzi wa mama yangu, mvua ya Mwingi. Salamu zilikuwa ndefu kuliko ripoti yenyewe. Nami, kwa kiburi changu, nilikuwa naiweka simu mezani kwa spika nikaendelea kuchapa, nikiitikia "amani, amani" bila kusikiliza. Nasema hili kwa aibu, maana katika mji mzima hakuna mwingine aliyejua kwamba nina mama.

Wiki moja ya kiangazi ripoti yake ilisema, kwa Kiingereza chake, kwamba anadhani bwawa la kijiji chake limeshuka kiasi fulani, na labda patatokea shida ndogo. Niliguna. Nikaangalia ukurasa wangu, nikaandika sentensi safi: "A moderate decline in water level was observed." Yaani, imeonekana kwamba maji yamepungua kwa kiwango cha wastani. Niliisoma mara mbili kwa jinsi ilivyopendeza. Alipopiga simu siku hiyo alirudia kwamba kuna shida kidogo, nami nikamwambia asijali, nimeshaiweka vizuri.

Malori ya maji hupangwa kufuata ripoti. Wastani si dharura, kwa hiyo kijiji chake kilisukumwa chini ya orodha, na malori yakaenda kwingine.

Baada ya wiki mbili alikuja ofisini mwenyewe, vumbi hadi kwenye kope. Nilimpa kiti na maji. Aliniuliza kuhusu mama yangu kwanza. Halafu akasema bwawa lilikauka siku nne baada ya ile ripoti, na mbuzi wake karibu wamekwisha.

"Abaayo, mimi nilisema iko shida," alisema, kwa lafudhi yake ya Kisomali inayogeuza p kuwa b. "Wewe uliweka wabi?"

"Ulisema shida ndogo, adeer."

Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Mtu hawezi kubiga simu aseme tumekwisha. Hiyo ni kuita mabaya. Anasema kwanza ni amani. Halafu anasema iko shida kidogo. Yule anasikia, yeye ndiye anauliza."

Kuuliza si ujinga, huwa tunawaambia watoto. Miezi yote ile sikuwahi kumwuliza swali hata moja. Sikumwuliza maji yamefika wapi, yatatosha siku ngapi, nani mwingine ameyaona. Lile "labda" lake lilikuwa mlango, nami niliufunga kwa neno la kitaalamu. Nilimwuliza siku hiyo, nikiwa nimechelewa, amebakiwa na wangapi. Wafugaji hawapendi kuhesabiwa mifugo. Alisema waliobaki anaweza kuwataja wote kwa majina bila kuvuta pumzi.

Halafu akaniomba nimfundishe Kiingereza cha Nairobi, ili asimhitaji mtu wa katikati. Sikuweza kukataa. Tulikaa siku tatu mezani kwangu. Nilimwambia asiandike anadhani. Aandike ameona nini, siku gani, na kama hakuona, nani amemwambia. Alikuwa mwepesi kuliko vijana wetu wote wenye digrii. Siku ya tatu aliandika ukurasa mzima usio na pahali pa kalamu yangu kugusa, nikampongeza, akashukuru kwa adabu na kwenda zake.

Sasa ripoti zake humfikia mkubwa moja kwa moja, mimi napata nakala tu. Huandika: "Bwawa lina maji ya siku tano. Nimelipima mwenyewe Jumatatu. Kaya kumi na mbili zimehama." Lori hufika kwa wakati, na mkubwa huwapa wengine ripoti hizo kama mfano wa kuiga. Nafurahi, na ni furaha ya kweli. Ila Alhamisi simu yangu hailii.

Juzi nilishindwa kuvumilia, nikampigia mimi. Nilimwuliza amani ya nyumbani, ya watoto, ya mifugo. Alijibu amani, amani, na kwa nyuma nikasikia anaendelea na shughuli nyingine. Nikamwuliza kama kuna habari yoyote, hata ndogo.

"Hakuna, abaayo," alisema kwa upole. "Yote iko kwa ribot."